Barua Yako Iliishia Frijini

Bweni la Wasichana
18 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba goti halikusumbui tena unaposimama jikoni hotelini. Sisi tumefungua shule salama. Nimepewa kitanda cha juu kando ya dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo mvua ikinyesha mimi ndiye wa kwanza kupata habari. Baba na Mama hawajambo. Bibi hajambo, ingawa amekonda. Dada sasa anaweza kula chakula kigumu.

Habari hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Mwalimu wetu wa lugha hutuambia barua ya hasira iandikwe mara mbili, na ile ya kwanza ichanwe. Hii ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi.

Shangazi, dada yangu alianza ndoa yake akiwa na sindano ya maji mkononi. Ndugu za mumewe walijaa kwenye mabenchi ya hospitali wakiwa bado na nguo za harusi, wameshika matumbo. Kila aliyeugua alikula keki yako. Mimi sikuugua kwa sababu nilikuwa nagawa sahani, na zamu yangu ilipofika keki ilikuwa imekwisha. Niligawa kwa mkono wangu huu. Kila meza nilisema, "Karibuni, hii ameitengeneza shangazi yangu wa hotelini, hamjawahi kula kitu kama hiki." Ni kweli, hawakuwahi.

Kesho yake mama mkwe wa Dada alisimama sebuleni kwa Bibi akauliza mbele ya watu wote, "Hivi huyu mpishi wenu huwa ananawa mikono?" Nilikutazama nikingoja umjibu, wewe usiyeshindwa na mtu kwa maneno. Ukasema tu, "Keki ilikuwa yangu." Ukachukua begi lako, ukaondoka. Hukupita hospitalini kumuaga Dada. Hukumwomba mtu radhi. Tangu siku hiyo simu zetu hupokei, ndiyo maana naandika.

Katika somo la upishi tumefundishwa kwamba keki iliyojazwa krimu au kastadi ya maziwa na mayai isikae nje ya friji kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Je, hukujua? Au ulijua ukapuuza? Nilikuwa nimepanga kuja kwako likizo ijayo nijifunze kazi. Hata aproni nilishashona. Sasa sijui nije kujifunza nini.

Nangoja jibu.

Mpwa wako


Jikoni, hotelini
21 Februari

Mpwa wangu Profesa,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki nzima kwa mlinzi wa lango, alidhani ni ya mtu mwingine kwa jinsi ilivyoandikwa kwa adabu. Goti linauma, asante kwa kuuliza. Tanuri letu kubwa limekufa tena. Fundi alikuja, akaligonga, akaondoka, nalo bado ni maiti. Mwambie Mama, huyo bibi yako, ale. Mwambie nimesema mimi, na aache kumpelekea Dada yako kila kitu kizuri kinachopikwa pale nyumbani.

Sasa nije kwako. Tangu lini mtoto niliyembeba mgongoni akanifundisha kutunza krimu? Kazi hii naifanya tangu hujaota meno! Soma vizuri, maana mimi siandiki mara mbili wala sichani.

Keki nilisafiri nayo kavu, tabaka moja moja, zimefungwa vizuri, ndani hamna kitu. Krimu ilisafiri kwenye kasha la barafu miguuni mwangu, na kila basi liliposimama nililifungua kutazama kama barafu ipo, mpaka jirani yangu akaniuliza nimebeba maiti ya nani. Kastadi niliipika pale pale kwa Mama. Nikaipoza juu ya barafu, nikikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, kwa sababu kastadi ikiachwa ipoe yenyewe taratibu mezani, hapo ndipo balaa linapoanzia. Huyo mwalimu wako amewaambia hilo?

Nilitaka kuijaza asubuhi ya harusi. Ndivyo nifanyavyo siku zote: kinachoharibika upesi kiingie mwisho. Lakini Dada yako alitaka nimsuke mimi na si mtu mwingine, na nywele zake unazijua, ni msitu. Kwa hiyo nilijaza jioni, nikaifunika kwenye boksi isije ikanuka samaki wa baba yako, nikaiweka frijini, rafu ya juu, palipo na baridi kali. Halafu nikaenda chumbani kwa bibi harusi kusuka, kazi niliyoimaliza asubuhi. Ilipotolewa adhuhuri nililishika boksi kwa mikono yangu yote miwili. Lilikuwa baridi.

Basi.

Keki ilikuwa yangu. Nilishasema siku ile, nasema tena. Huyo mama mkwe ameisambaza habari mpaka huku niliko. Kuna mtu aliniagiza keki ya mahafali ya mwanawe, juzi kaniambia watakula biskuti. Sijalalamika. Na wewe usiniulize tena.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana
9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Dirisha limepata ubao badala ya kioo, kwa hiyo sasa sinyeshewi, ila sioni kitu. Bibi alikuja siku ya kutembelewa akiwa na Baba. Aliuliza kama umeniandikia. Nilipomwambia umesema ale, alifuta macho, akanikaripia kwa sababu ya kola yangu chafu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kila hatua umeieleza: basi, kasha, barafu, kastadi, boksi, rafu. Halafu barua yako iliishia frijini. Uliandika "Basi," ukageukia biskuti.

Mimi si mtoto wa kubebwa tena. Kama yote uliyoandika ni kweli, keki isingeharibika. Imeharibika, kwa hiyo kuna moja ambalo si kweli. Nilimwuliza Baba akacheka akasema labda ni friji, maana ile ya Bibi haijawahi kugandisha barafu ya maana tangu ainunue. Bibi alimjia juu hapo hapo mbele ya mwalimu mkuu: "Friji yangu haina kosa! Inachelewa tu!" Tukacheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi.

Lakini nilipopanda kitandani sikucheka tena. Wewe mwenyewe umesema boksi lilikuwa baridi. Basi si friji. Basi ni mikono, au ni krimu iliyokaa sana njiani, na wewe unaona ni afadhali Dada aamini alipata ugonjwa kutoka hewani kuliko kusema, "Nilikosea." Neno "mwongo" nimeliandika hapa nikalifuta, na nimeona heri nilirudishe. Mwongo.

Mpwa wako


Nyumbani kwa Bibi
17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hukujibu barua yangu ya Machi, na nilistahili. Nipo likizo kwa Bibi. Mama amenunua mapazia mapya. Dada alikuja Jumapili na mumewe, ananenepa. Ulipotajwa aligeuza uso.

Kuna jambo siwezi kungoja kulisema.

Nilitaka kukukamata, Shangazi. Sitaficha. Niliazimia kupika kastadi kama ulivyoandika na kuiweka kwenye friji ya Bibi usiku kucha, ili nione kama ingedumu. Ikidumu, wewe ndiye mwenye kosa. Kwa kuwa ulisema ipozwe juu ya barafu, jioni niliweka maji kwenye kile kisahani cha barafu kule juu. Asubuhi nikaamka, nikamwomba Bibi ufunguo wa friji, huo anaoufunga kwenye pindo la nguo yake, nikafungua. Maji yalikuwa maji.

Nikamwambia, "Bibi, hayajaganda."

Akasema, "Yataganda baadaye. Hujui friji hii? Hugandisha mchana."

"Na usiku?"

"Usiku inapumzika."

"Inapumzika?"

"Kwani wewe hupumziki?"

Akanionyesha, Shangazi, tena kwa fahari, kama mtu anayemfundisha mjukuu siri ya nyumba. Kila usiku, watu wote wakishalala, anafunga friji kwa ufunguo kisha anaizima kwenye swichi ya ukutani, pamoja na taa. Alfajiri anaiwasha kabla hatujaamka. Anasema mlango ukifungwa vizuri baridi haina pa kutokea, na mashine isiyopumzika hufa mapema, ndiyo maana friji yake imezidi umri wa friji za majirani. Nilimwuliza, "Hata usiku wa kuamkia harusi?" Akanishangaa. "Usiku wote si usiku?"

Nilikuwa nimekishika kile kisahani. Maji yote yalinimwagikia miguuni, na Bibi akaniita mlegevu.

Hajui. Hakuunganisha hata kidogo. Amerudi kuchambua mchele huku akiimba.

Shangazi, ulijua? Tafadhali niambie hukujua, ili nielewe nimkasirikie nani.

Mpwa wako


Jikoni, hotelini
3 Mei

Wewe mtoto,

Leo sina salamu. Chana barua ile kama una nakala. Chana na hii ukimaliza kusoma.

Nani alikutuma kuchimba? Nilisema usiniulize. Nilisema keki yangu, nikaibeba, nikaondoka nayo. Ungeniacha!

Nilijua. Si kabla. Ningejua kabla, keki ile ingeenda kwenye pipa la taka na bibi harusi angekata mkate. Nilijua usiku wa siku ile ya harusi, tuliporudi kutoka hospitalini. Vyumba vilijaa wageni, nikatandikiwa godoro jikoni. Nimelala macho wazi, najiuliza nilikosea wapi, mara namsikia Mama anaingia kwa kunyata asiniamshe. Kufuli ikalia, swichi ikalia, friji ikanyamaza. Nikakaa na kimya kile mpaka alfajiri, akaja akaiwasha. Ikaanza kunguruma kama vile haijafanya kitu.

Hapo nikaelewa. Kastadi ililala na joto usiku kucha, kisha ikapozwa upya asubuhi. Chakula kama hicho kikishaharibika, kukirudishia baridi hakukitengenezi. Kinakuwa kibaya na baridi, basi. Na mimi, mwenye kazi yangu, nikashika boksi nikaridhika na vidole.

Sasa nisikilize. Mama ndiye aliyemlea Dada yako tangu akiwa mchanga, wakati mama yako anaumwa. Siku ile hospitalini alikaa sakafuni kando ya kitanda chake, kwa sababu viti vilikwisha, akamshika mguu. Unataka nimwambie mwanamke huyo kwamba ni mkono wake? Hatalala tena maisha yake. Mama mkwe ananiita mchafu? Aniite. Nimeitwa mabaya zaidi na wapishi wakuu waliokuwa na kofia ndefu kuliko akili.

Ukimwambia, mimi na wewe basi. Usije huku na aproni yako.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana
28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Bibi si mzima sana, nitakueleza.

Nimesoma ulivyonitukana na sikulia. Nililia baadaye, nilipokumbuka kwamba nilikuita mwongo nawe ukajibu kuhusu kitu kingine. Naomba radhi kwa neno lile. Lakini usidhani hasira yangu imekwisha. Imehama tu.

Umeniacha nikuchukie bure tangu Desemba! Umemwacha Dada akuchukie. Ukaamua peke yako nani anaweza kubeba nini, kama vile sisi wengine ni sahani za udongo. Na unasema ni kwa ajili ya Bibi. Je, umemwona Bibi?

Mwezi wa nane anatimiza miaka sabini. Baba anaandaa sherehe. Dada amesema atakuja, lakini mkono wa Shangazi usiguse hata mkate. Bibi alipoambiwa kwamba hujajibu kama utakuja, alisema, "Mwanangu amenitupa kwa sababu ya keki." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anataja hali ya hewa, kisha akaacha chakula. Amekonda, Shangazi, na anayemkondesha ni wewe, na unamkondesha kwa wema wako.

Hilo lingine nalo sijui umelifikiria au hapana. Siku ya sherehe kutakuwa na nyama, maziwa, na keki ya mtu mwingine, na vyote vitalala kwenye friji ile ile. Usiku itapumzika. Nani ataubeba mzigo huo? Au utaacha kazi hotelini uje uzunguke nyumba hadi nyumba kusema, "Ilikuwa yangu"?

Sikuahidi kunyamaza. Uliamuru, lakini mimi sikuahidi. Njoo umwambie wewe. Nakuomba.

Mpwa wako


Jikoni, hotelini
30 Juni

Profesa,

Salamu kwa wote. Tanuri limepona. Mwezi wa nane tuna wageni wengi hotelini, sitapata ruhusa. Mwambie hivyo Mama.

Kuhusu friji, mwambie baba yako anunue barafu ya kutosha na kasha kubwa. Aseme ni kwa ajili ya soda. Keki wachukue isiyo na krimu, ya jamu tu, hiyo hailazimiki kukaa frijini.

Kuna na hilo la kumwambia Mama. Nimeketi kuliandika mara tatu. Unaona, na mimi nimeanza kuchana.

Shangazi


Nyumbani kwa Bibi
6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Tumefunga shule, na mimi nimepita wa nne. Mwandiko ni wangu, lakini maneno ya hapa chini ni ya Bibi, kwa kuwa macho yake hayaoni mistari siku hizi. Amesema niandike kama anavyosema, nisimpambe. Amekaa ubavuni mwangu anasikiliza kalamu.

*Mwanangu,*

*Sijambo. Goti lako nimesikia. Lipake mafuta uache ubishi.*

*Jumamosi nilimwuliza mjukuu wangu kwa nini huji. Akasema hotelini kuna wageni. Nikamwambia nitazame machoni, akatazama swichi ya ukutani. Nikamwuliza swichi imefanya nini. Akanieleza yote, na alilia kama mtu aliyevunja sahani. Sikulia. Nilienda uani nikakaa. Niliporudi nilikuwa na hasira, na bado ninayo, kwa hiyo shika karatasi vizuri.*

*Nani alikwambia mimi ni krimu, kwamba nikiachwa nje kidogo nitachacha? Nimezaa, nimezika, nimelea wenu na wangu. Nimeambiwa mabaya mengi usoni na nikaamka kesho yake nikafagia. Wewe unanificha kosa langu miezi yote hii, unatukanwa kwenye sebule yangu, nami nimekaa pale pale kwenye kiti changu nakuhurumia kama mjinga! Umenifanya mjinga katika nyumba yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Swichi inaniuma pia, lakini hiyo ni yangu na naijua pa kuiweka.*

*Jumatatu nilikwenda kwa Dada yake huyu. Nikamwambia mkono uliomlaza hospitalini ni huu, nikaunyoosha. Hakuushika papo hapo. Alikwenda jikoni, akakaa huko muda, akarudi na chai, akaushika. Kisha akalia kwa ajili yako, si kwa ajili yangu, na ndivyo inavyotakiwa.*

*Kutoka hapo, usiku umeshaingia, nikaenda kwa mama mkwe wake. Nikamwambia mwanangu ananawa mikono kuliko yeye na ukoo wake mzima, na kwamba mpishi hana kosa, friji ilizimwa usiku, niliizima mimi. Halafu akasogea, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani haizimwi?"*

*Tukaenda wote wawili tukaiwasha ya kwake.*

*Sasa sikia agizo. Sitaki keki ya jamu. Nataka ile ile, yenye kastadi na krimu, na matunda ndani, maana siku ile sikuionja, nilikuwa naangalia wageni. Utaijaza hapa, kwa wakati unaoutaka wewe. Hakuna wa kusukwa. Nina nywele chache.*

*Ndani ya bahasha kuna ufunguo. Ni mmoja tu, hauna ndugu. Nimetoa maji, nyama na samaki wa kaka yako, tutanunua na kula siku hiyo hiyo kama zamani. Friji nimeifunga tupu na inawaka. Hakuna atakayeifungua mpaka uje.*

*Mama yako*

Shangazi, hapa ni mimi tena. Aproni yangu nimeifua. Baba anasema ni wazimu kuwasha friji isiyo na kitu, akaambiwa anyamaze.

Kila jioni Bibi anapokwenda kulala hupita jikoni. Anazima taa, kisha mkono wake unakwenda wenyewe kwenye swichi ya pili. Unafika. Anasimama hapo akiisikiliza friji ikinguruma, anaurudisha mkono kifuani, na kuondoka gizani.

Njoo upesi. Hajazoea kulala na kelele.

Mpwa wako